Faiba Haifungwi, Hulazwa

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya: sina ugomvi na faiba. Mafundi wengi wa umri wangu waliichukia ilipoingia, wakaiita mambo ya maabara. Mimi niliipenda tangu siku ya kwanza nilipoishika. Ni kioo, chembamba sana, kimevishwa koti la plastiki la rangi ya njano, na ndani yake hamna umeme hata kidogo, ni mwanga tu unaopita umebeba maneno ya watu. Madereva wa malori pale Makambako walikuwa wakituuliza tunalinda nini kwenye jengo la mitambo kama hakuna shaba ya kuuza. Niliwaambia tunalinda mwanga. Walicheka wakashika mbavu, wakasema Makambako hakuna mwizi wa mwanga, kuna mwizi wa mabati tu, na huyo mwizi ni upepo.

Kazi yangu haikuwa ya nje. Watu wakisikia fundi wa simu wanamfikiria mtu aliye juu ya nguzo au ndani ya mtaro. Mimi nilikuwa mtu wa ndani, nyuma ya mlango wa raki, yaani lile kabati refu la chuma ambamo swichi za mtandao hupangwa moja juu ya nyingine kama trei za mayai. Kila swichi ina matundu mstari mzima, kila tundu lina faiba yake, na kila faiba inayotoka pale inahitaji njia ya kupita, nafasi ya kupinda bila kuumia, na jina lililobandikwa shingoni ili usije ukachomoa ya Songea ukidhani ni ya Mbeya. Tundu lisilotumika unalivisha kofia ya mpira, maana vumbi usiloliona kwa macho linatosha kuziba mwanga, na Makambako vumbi tunalila pamoja na ugali. Wapo walioniambia hiyo ni kazi ya kike, wakidhani wananitukana. Niliwajibu kwamba basi waniachie, wao wakabebe nguzo.

Kabla ya faiba nilikuwa mtu wa shaba, na kabla ya shaba nilikuwa opereta. Nilianza Njombe mjini, msichana wa kutoka Kifanya mwenye cheti cha sekondari na sauti ya kwaya, nikikaa mbele ya ubao wa simu na kuchomeka nyaya huku nikisema subiri, nakuunganisha. Mitambo inayojiunganisha yenyewe ilipofika, maopereta tuliambiwa tuchague: kurudi nyumbani au kujifunza ufundi. Wenzangu wengi walirudi nyumbani. Mimi nilikuwa na kiburi, na kwa mara moja katika maisha yangu kiburi kilinifaa.

Aliyenifundisha shaba ndiye mtu ambaye habari hii inamhusu. Alikuwa fundi wa Makambako, Muislamu, mtoto wa msafirishaji aliyehamia pale na malori yake kutoka upande wa Tabora. Alikuwa mpole, mwenye mkono mwepesi, na hakuwahi kunicheka. Alinifundisha kulehemu bila kuchoma vidole, kutambua rangi za nyaya hata taa ikiwa hafifu, na zaidi ya yote alinifundisha kufunga. Nyaya za shaba zilikusanywa kuwa fungu moja, likafungwa kwa uzi uliopakwa nta, fundo baada ya fundo, likakazwa mpaka fungu zima likasimama lenyewe kama askari wa gwaride. Huo ndio ulikuwa uzuri wa kazi. Mkaguzi alifungua kabati, akapitisha kiganja juu ya mafundo, na asipoona lililolegea aliondoka ameridhika. Kila fundi alikuwa na fundo lake. Ulikuwa unafungua kabati la Mafinga au la Tunduma, unatazama tu, unajua nani alipita hapo.

La kwangu nililitoa nyumbani. Baba yangu alikuwa mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Msimu wa mvua alikuwa akikata ncha za mianzi michanga na kuzifungia mbeta, vile vikombe vya kipande cha mwanzi, ili ulanzi udondokee humo. Mama alikuwa mwanakwaya, na siku mchungaji alipotutembelea mbeta zote zilihamia nyuma ya zizi, naye mchungaji akajifanya hanusi kitu. Fundo la baba lilikuwa na tabia mbili. Mbeta ilivyozidi kujaa ndivyo lilivyozidi kubana, na ulipotaka kulifungua ulivuta mkia mmoja tu, likaachia lote. Nilipolipeleka kazini mafundi waliangua kicheko, wakaliita fundo la ulanzi, na jina likashika kutoka Iringa mpaka mpakani. Baadaye walitaka niwaonyeshe. Nikawaambia waliocheka wajifundishe wenyewe. Nilimwonyesha mtu mmoja, kwa siri, kwa sababu alikuwa amenipa kila alichokijua na niliona ni haki na yeye apate kitu changu.

Tulikuwa chanda na pete, na sitii chumvi. Aliniita dada, nami nikamwita kaka. Watoto wake waliniita shangazi na kunikimbilia kupekua mkoba wangu kabla hawajanisalimia. Idd ikifika, sahani yangu ya pilau ilisafiri kwa basi mpaka Njombe imefungwa kwenye kanga. Mama yangu alipolazwa hospitali ya Ilembula, mimi nikiwa nimebanwa kazini, yeye alikuwa akitoka Makambako kwa pikipiki baada ya saa za kazi kwenda kumtazama, na mkewe nyumbani alikuwa na kichanga. Mama hakuwa mwepesi wa kuwaamini watu wa dini nyingine, lakini tangu siku hizo alimwombea kwa jina lake kila alipokunja mikono kabla ya chakula.

Kisha ikaja ile miaka ya soko huria. Nchi nzima ilikuwa inauza, inaunganisha, inapunguza. Redioni kila jioni neno lilikuwa mwekezaji, na kwa mafundi wa serikali neno lilikuwa kupunguzwa. Tulipunguzwa mimi na yeye, siku moja. Tulikaa nje ya ofisi tukiwa na vikombe vyetu vya chai mikononi, maana hivyo vilikuwa mali yetu, tukacheka kwa uchungu. Baadaye kidogo kampuni binafsi, moja ya zile zilizochipuka kama uyoga siku zile, ikaja kutafuta watu wa kutunza mitambo ya wenye biashara za simu. Walimtaka yeye. Nasikia aliwaambia kwamba bila mimi haji. Sijui kama ni kweli, ila niliamini, na kwa hilo nilijiona nina deni la utu kwake maisha yangu yote. Yeye akawekwa Makambako, mimi Njombe.

Faiba ilipoingia, kampuni ilitaka kumpeleka mtu mmoja Dar es Salaam kuisomea. Alichaguliwa yeye. Wiki ya safari baba yake akazidiwa na ugonjwa, naye akaniomba niende badala yake. Nikaenda, nikasoma, nikarudi, na sikuficha kitu. Nakumbuka tulivyokaa sebuleni kwake, mkewe akatuletea chai na chapati. Nilikunywa chai yangu nikamaliza, nikafuta kikombe, nikauzungushia mdomo wake kipande cha faiba nilichokuja nacho. Nikamweleza kwamba kona isiwe kali kuliko mzunguko ule. Ukiikunja zaidi haikatiki, ndiyo ubaya wake. Inabaki nzima machoni, lakini mwanga unavujia kwenye kona na upande wa pili haufiki. Ukiibana ni hivyohivyo. Kwenye raki unaipitisha ubavuni kwenye mfereji wake, unaiachia pumzi, unaishikilia kwa utepe laini ambao kidole kinapita chini yake bila shida.

"Kaka," nilimwambia, "faiba haifungwi, hulazwa."

Alilirudia neno hilo polepole, kulazwa, kama mtu anayejifunza salamu ya ugenini. Akanyoosha vidole vyake akavitazama, akasema mikono yake ni ya shaba, itamchukua muda kusahau kukaza. Tulicheka. Kwa miezi kadhaa kila nilipokwenda Makambako nilikagua raki yake, nikalegeza hapa na pale, naye akasimama nyuma yangu akitazama. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu alichofanya baadaye hakukifanya kwa kutojua.

Ikafika siku kampuni ikatangaza kwamba vituo viwili ni gharama. Njombe kingefungwa, mitambo yake mingi ingehamishiwa Makambako, na fundi mkuu angekuwa mmoja. Mwingine angeshukuriwa na kuachishwa. Uamuzi ungetolewa baada ya kituo kipya kufunguliwa na mgeni rasmi. Mimi na yeye tuliongea jambo hilo uso kwa uso, tumesimama nje ya kituo upepo ukitupiga vumbi machoni. Ni yeye aliyesema kwamba atakayebaki asijivune, atakayeondoka asinune, na kwamba hakuna kazi itakayotutenganisha. Nilimshika mkono. Mimi si mtu wa machozi, ila siku hiyo nilisingizia vumbi.

Mnajua mambo yanavyokuwa kwetu mgeni rasmi akikaribia. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Nyasi zilifyekwa hadi udongo ukabaki uchi. Maua yaliazimwa kwa jirani yakiwa kwenye makopo yake, na bomba la maji la uani, ambalo halikuwa limetoa tone tangu masika, lilipakwa rangi ya bluu. Meneja wetu alizunguka kutafuta kilichobaki kurembwa. Akafungua mlango wa raki, akaziona faiba za njano nilizokuja kuzipanga kwa ajili ya kituo kipya, zimelala kwenye mifereji yake, zimepinda taratibu, zimelegea kama inavyopasa. Uso ukamshuka.

Alisema nyuzi zimevurugika kama nywele za mtu aliyetoka kitandani, na mgeni atatuonaje. Alitaka zifungwe. Nilimweleza, na safari hiyo nilimweleza kwa upole, jambo ambalo si kawaida yangu. Nilimwambia kila uzi pale unapumua, ukiubana unakufa. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mtoto, akasema tufanye tunavyojua wenyewe, ila asizione zinaning'inia. Nikafunga mlango wa raki, nikamwambia rafiki yangu kwamba wageni hawafungui milango ya chuma, aiache hivyo hivyo. Akaitikia. Funguo zikabaki kwake, mimi nikarudi Njombe kufungasha mitambo.

Sherehe ilipita vizuri. Niliambiwa mgeni aliingia mpaka ndani, akafunguliwa raki, akasifu usafi. Nilishangaa kidogo kusikia amefunguliwa raki, lakini nikaona labda hata watu wakubwa wameanza kupenda kazi nzuri.

Baada ya hapo laini za Njombe zikaanza kuugua. Zingekatika moja kwa moja tungejua la kufanya. Hizi zilikuwa zinafifia na kurudi, watu wa benki wanapoteza mtandao katikati ya kazi, anayepiga simu Songea anasikia nusu ya kila neno. Kila nikipima upande wangu, mwanga uliotoka Makambako ulinifikia ukiwa dhaifu. Nilimpigia rafiki yangu nikamwomba atazame raki. Alisema ametazama, kila kitu kiko sawa. Nilimpigia tena. Alisema ametazama tena, labda tatizo liko njiani, chini ya ardhi. Nikamwamini. Watu wakaenda kuchimbua mtaro kando ya barabara wakati wa manyunyu, wakatoka na matope hadi magotini na bila jibu. Wateja wakaanza kutishia kuhama. Ndipo kampuni ikamtuma mhandisi kutoka Dar es Salaam, nami nikaitwa Makambako.

Mhandisi alikuwa kijana makini, asiyependa maneno mengi. Tulikuwa chumbani yeye, meneja, rafiki yangu, mimi, na mafundi wachache wa zamu. Alitoa kalamu yake ya mwanga mwekundu, kifaa kidogo kinachosukuma mwanga ndani ya faiba ili pale unapovuja uuone kwa macho. Akaichomeka, akaomba taa ya chumba izimwe. Nyuma ya raki, kwenye kona ya chini ambako mtu hatazami asipoinama, tuliona wekundu. Haukuwa nukta moja. Ulikuwa unapanda kwa hatua, pengo kisha wekundu, pengo kisha wekundu, mpaka juu.

Taa ikawashwa. Faiba zote za upande wa Njombe na Songea zilikuwa zimekusanywa kuwa fungu moja, nyoofu, zuri la kutazamwa, limekunjwa kona kama kiwiko, na limekazwa kwa uzi wa nta. Fundo baada ya fundo. Makoti ya njano yalikuwa yamebonyea chini ya uzi.

Mhandisi akauliza hilo ni fundo la nani. Wote walinigeukia. Fundi mmoja, nadhani hakuwa na nia mbaya, akasema kwa kicheko kidogo kwamba hilo si fundo la ulanzi? Meneja akadakia kwamba yeye alisema nyuzi zipangwe, hakusema zinyongwe. Sikumjali. Nilimtazama rafiki yangu nikamngoja. Sikuwa hata na wasiwasi. Nilimjua, nilidhani anatafuta tu neno la kuanzia.

"Dada alikuwa na haraka siku ile ya kurudi Njombe," alisema, akimtazama mhandisi. "Nadhani alitaka kumaliza upesi."

Nilisikia, lakini ilichukua muda maneno kuingia. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia imepanda, kwamba sikufunga kitu, kwamba fundo lile wanalijua watu wawili kazini na wa pili ni yeye, nilimfundisha kwa mikono yangu. Mhandisi akamgeukia. Rafiki yangu akajibu taratibu, bila hasira, kwamba hilo ni jambo la kwetu Wabena, la wagema. Akasema yeye ni mtoto wa Kiislamu, ulanzi hajawahi hata kuunusa, mafundo yake angejifunzia wapi? Mafundi walicheka kidogo. Kwa aliyesikia lilikuwa na maana kabisa. Yeye ana nini na fundo la pombe?

Nimekaa na sentensi ile miaka mingi. Angeweza kusema hajui tu. Alichagua kwenda mpaka shambani kwa baba yangu, akachukua kitu nilichompa kwa mapenzi, akakifanya ushahidi kwamba hakikuwahi kuwa mkononi mwake.

Mhandisi akauliza nani alipelekwa kusomea faiba. Jibu lilikuwa ni mimi, na hapo nikamalizika. Asiyejua angesamehewa, aliyesomeshwa na kampuni akafunga faiba kama kuni, huyo hana udhuru. Nikainama nyuma ya raki. Nikavuta mkia wa kila fundo, yakaachia yote, nikazilaza upya zile faiba moja moja, nikasafisha midomo yake, nikazirudisha kwenye matundu yake, wao wamesimama wananitazama mgongo. Mwanga ukarudi Njombe ukiwa kamili. Meneja akaniomba funguo za Njombe.

Kitumbua changu kiliingia mchanga hivyo, asubuhi moja, mbele ya watu walioniheshimu. Kilichoniuma zaidi ni jina. Fundi akipoteza kazi anatafuta nyingine. Mimi nilipokwenda kuomba kwingine, habari ilikuwa imeshafika kabla yangu: yule mama aliyenyonga faiba za Makambako. Nilirudi kuuza viazi na miche ya parachichi, na nikamhamishia mama kwangu kwa sababu hakuwa na nguvu tena za kuishi Kifanya peke yake. Sikumweleza. Aliendelea kumwombea rafiki yangu kwa jina kabla ya chakula, na mimi niliendelea kusema amina, kwa sababu ningemwambia nini?

Alikuja Jumapili moja, tumetoka ibadani. Niliona pikipiki imesimama getini, yeye amevua kofia anaipangusa vumbi. Nilipaswa kumfukuza. Badala yake moyo ulinilainika, na hilo ni kosa la moyo wangu, nimeukemea sana tangu siku hiyo. Nilijua amekuja kutubu. Nilijua nitakuwa mkali kwa muda, kisha nitalia, kisha yatakwisha, na Jumatatu ataenda kwa meneja kusema ukweli. Mama alifurahi kumwona mpaka akasimama bila fimbo, akamsalimia "Kamwene" kwa sauti ya zamani, naye akamwitikia vizuri kama tulivyomfundisha. Nikakamata kuku, nikampa kisu achinje mwenyewe kama tulivyozoea akija kwetu, nikaingia jikoni.

Chakula kilipokuwa mezani, mama akaenda kujilaza. Nilimwekea mgeni firigisi juu ya sahani yake. Akanawa mikono. Ndipo akaanza.

Alieleza kila kitu, na alieleza kwa utulivu. Usiku wa kuamkia sherehe meneja alirudi kukagua, akamfokea, akataka raki inayong'aa. Akafunga. Alitumia fundo langu kwa sababu ndilo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Alikuwa na nia ya kuyaachia yote mgeni akishaondoka. Nikamuuliza basi kwa nini hakuyaachia. Nikamuuliza nilipompigia simu nikimwomba atazame, alitazama nini? Alisogeza sahani kidogo. Hapo nikaelewa. Aliyaona mafundo kila siku. Mvuto mmoja ungetosha, na hakuna ambaye angejua. Aliyaacha makusudi mpaka aje mtu wa kuyaona, kwa sababu yalikuwa na jina langu, na nafasi ilikuwa moja.

"Ningefanyaje, dada?" alisema. "Mimi nina watoto. Wewe uko peke yako, hakuna anayekutegemea."

Chumba cha pili mama alikuwa akikohoa. Rafiki yangu alimsikia, maana aligeuza macho kuelekea mlango wake. Mimi nilikuwa bado nangoja. Mtu akishasema yote hayo, nilidhani, kinachofuata ni nisamehe. Aliinama akachukua mfuko wake wa turubai uliokuwa chini ya kiti, akatoa kipande cha faiba ya njano, akakiweka mezani kati ya bakuli la mchuzi na ugali.

Akasema swichi mpya zinakuja wiki inayofuata. Mhandisi naye anakuja, anataka fundi mkuu azipange mbele yake mwanzo hadi mwisho, kila faiba, kila kona. Mikono yake, alisema, bado ni ya shaba. Akaomba nimwonyeshe tena, kama siku ile sebuleni kwake. Haikuwa kazi kubwa, alasiri moja ingetosha.

Nilikitazama kile kipande cha faiba. Nilikuwa na maneno mengi, ya Kiswahili na ya Kibena, na mengine ambayo mama hakupaswa kuyasikia. Niliyaacha yote. Nilimwambia ale kwanza, kisha aondoke, na asirudi.

Nilisema hivyo nikiamini atasimama. Mtu yeyote mwenye kinyongo au aibu angesimama pale pale. Yeye alirudisha faiba mfukoni, akasema bismillah, akamega tonge. Alikula taratibu, akala firigisi, akala paja, akamung'unya mifupa. Aliniomba mchuzi kidogo, nikamwongezea, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Akanawa, akashukuru kwa chakula kizuri, akapita mlangoni kwa mama kumuaga, akawasha pikipiki. Kazi aliyoninyang'anya nimeshaizika, na uongo wake mbele ya mhandisi naweza kuusimulia bila sauti kutetemeka. Sijamsamehe kwamba aliweza kula.